Kanuni Nyingi Si Ukweli Mwingi: Mizani ya Uhalisia Katika Michezo ya Uhusika ya Mezani

Imekuwa desturi, kila panapozungumzwa habari za michezo inayoiga mambo ya dunia, kudhani kwamba kanuni zikizidi ndivyo mchezo unavyoukaribia ukweli, na zikipungua ndivyo unavyogeuka kuwa wa kitoto. Dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake hauishii mezani. Mwanafunzi anayeamini kwamba jawabu lenye tarakimu nne baada ya nukta lazima liwe la kweli kuliko lenye tarakimu moja, hali kipimo chenyewe kilichukuliwa kwa rula ya mbao, ana maradhi yale yale. Kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lichunguzwe hata na wale ambao hawajapata kushika dadu maishani mwao.

Michezo inayokusudiwa hapa ni ile iitwayo ya uhusika. Wa kwanza kuchapishwa na kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Watu watano au sita huketi pamoja. Kila mmoja humchukua mhusika wake, awe askari, mwizi au mchawi, na kutamka kwa maneno yale anayotaka kuyatenda. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ni mwamuzi, na kazi yake ni kuwaeleza wenzake ulimwengu ulivyo na mambo yanayowafika. Palipo na shaka, kwa mfano kama askari ataweza kuuruka mfereji, dadu hurushwa na kanuni hutoa hukumu. Mgogoro huanzia hapo. Kanuni hiyo ifanane na maumbile kwa kadiri gani, na iwe nyepesi kwa kadiri gani? Mcheza bao hasumbuki na swali hili. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kete zinapoliwa zinafanana na tukio lolote la duniani. Bao ni bao. Lakini mchezo unaodai kwamba mtu ameanguka kutoka ukutani hauwezi kulikwepa.

Mgogoro wenyewe ni wa kale kuliko michezo hiyo. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa mizinga katika jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kila zamu ikihesabiwa kuwa dakika mbili. Hasara za vikosi zilipatikana kwa dadu na majedwali, na majedwali hayo yalitokana na vipimo vya silaha za wakati ule. Mkuu wa majeshi, Karl von Müffling, aliupenda akaupendekeza kwa jeshi zima. Tatizo lilionekana baadaye: waamuzi walishughulika mno na majedwali hata maofisa vijana waliokuja kujifunza kuamua mambo wakabaki wakisubiri hesabu. Mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali yawekwe kando, na mwamuzi aliyewahi kuona vita atoe hukumu kwa maarifa yake. Tangu siku zile pande hizo mbili, ya majedwali na ya mwamuzi, hazijapatana, na kila mtunzi wa michezo hujikuta akielemea upande mmoja.

Upande wa majedwali ulifika kilele chake mwaka 1979. Kampuni ya SPI ya New York ilitoa mchezo wa vita wa mezani uitwao The Campaign for North Africa, uliotungwa na Richard Berg. Huu haukuwa mchezo wa uhusika, bali ulikuwa ndugu yake wa karibu, na funzo lake ni lile lile. Ulitaka wachezaji kumi, na muda wa kuumaliza umekadiriwa kuwa saa 1,500. Kundi linalokutana mara moja kwa juma, saa tatu kila mara, lingehitaji majuma 500, yaani karibu miaka kumi. Hali vita vyenyewe vya Afrika ya Kaskazini, tangu Juni 1940 hadi Mei 1943, havikutimiza miaka mitatu. Petroli ilipungua kila zamu kwa kugeuka mvuke, na Waingereza walipoteza nyingi zaidi kwa sababu ya vyombo walivyohifadhia. Sharti lililopata sifa kuliko yote lilikuwa lile la askari wa Italia, ambao walitakiwa wapewe maji ya ziada ya kuchemshia tambi zao.

Msomaji atasema kwamba huo ndio uhalisia wenyewe: hata tambi hazikusahauliwa! Lakini baadaye Berg alieleza kwamba kanuni ile ilikuwa mzaha, na kwamba askari wale walipikia mchuzi wa nyanya uliokuja makoponi. Kwa hiyo jambo dogo lililoonekana na wengi kuwa kilele cha ukweli halikuwa kweli. Kilichowashawishi watu ni udogo wa jambo lenyewe. Akili hudhani kwamba mtu aliyejishughulisha na kitu kidogo namna ile hawezi kuwa amekosea katika makubwa, na kumbe wingi wa mambo madogo hauthibitishi lolote juu ya usahihi wa hata moja kati yake.

Mfano ulio bora zaidi kwa darasa la fizikia ni kanuni ya kuanguka. Katika kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons cha mwaka 1978, mhusika anayeanguka hupata madhara ya dadu moja yenye nyuso sita kwa kila futi 10 alizoanguka, yaani kiasi cha mita 3, na madhara hayo hayazidi dadu 20. Idadi inayopatikana huondolewa katika alama zake za uhai, zikiisha, amekufa. Sasa mwanafunzi na apige hesabu. Wastani wa dadu moja ni 3.5. Anguko la mita 30 ni dadu 10, wastani wake 35. Askari wa daraja la tisa katika mchezo huo alipewa alama zake kwa kurusha dadu tisa zenye nyuso kumi. Wastani wake ni 49.5. Dadu 10 za nyuso sita kufikisha 50 ni jambo linalotokea chini ya mara 1 katika 100. Basi askari huyo ajitupe kutoka ghorofa ya kumi, anyanyuke, ajipanguse vumbi, aendelee na safari.

Malalamiko hayakukawia. Mwaka 1983 jarida la Dragon, lililokuwa la kampuni iliyochapisha mchezo huo, lilitoa kanuni nyingine ambayo ndani yake dadu hulimbikizana: moja kwa futi 10 za kwanza, mbili zaidi kwa futi 10 za pili, tatu zaidi kwa zile za tatu, na kuendelea, hata kikomo cha dadu 20 kikafikiwa kwa futi 60 tu. Mwaka uliofuata wasomaji walijibizana katika kurasa zilezile kwa hesabu za fizikia. Wengine walisema kwamba mtu anayeanguka huongeza kasi, kwa hiyo madhara nayo lazima yaongezeke kwa kasi. Wengine wakajibu, na hapo mwalimu angetabasamu, kwamba kinachovunja mifupa ni nishati, na nishati ya kitu kinachoanguka ni zao la tungamo, mvutano wa dunia na kimo. Kimo kikizidi mara kumi, nishati huzidi mara kumi, wala si zaidi. Mtu wa kilo 70 anayeanguka mita 3 hugonga ardhi kwa joule kama 2,060. Akianguka mita 30 ni joule 20,600. Kasi yake haizidi mara kumi, bali kiasi cha mara tatu tu: kutoka mita 7.7 kwa sekunde hadi mita 24. Kanuni ya mwaka 1978, iliyochekwa kwa kukosa uhalisia, ilifuata fizikia barabara!

Hata hivyo waliocheka walikuwa na haki. Madaktari wa majeruhi hukadiria kwamba anguko la kiasi cha ghorofa nne huua karibu nusu ya wanaoanguka. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama ukingoni mwa jabali la mita 30 na kusema moyoni kwamba ataruka, maana gharama yake ni alama 35 na akiba yake ni 49. Mchezaji aliyekwisha kuijua kanuni ile alisema hivyo hasa. Fizikia ilikuwa sahihi, na uamuzi uliotokana nayo ulikuwa wa uongo. Kanuni ya kulimbikiza dadu, ambayo fizikia yake ni mbovu, ilimrudisha mchezaji kwenye hofu ambayo kila mtu huwa nayo ukingoni mwa jabali. Mahali palipokuwa na kasoro hapakuwa katika dadu za anguko, bali katika alama za uhai zenyewe, zilizokuwa zikiongezeka kila mhusika alipopanda daraja. Gygax alikwisha kueleza katika kitabu cha waamuzi cha mwaka 1979 kwamba alama hizo si nyama na damu peke yake. Ndani yake mna ustadi, bahati na ulinzi wa miungu. Maelezo hayo yanatosha kwa upanga unaoweza kukwepwa. Ardhi haikwepeki.

Kutokana na mfano huo hapana budi kipimo kibadilishwe. Uhalisia wa kanuni ya mchezo usitafutwe katika fomula iliyomo ndani yake, bali katika maamuzi inayowafanya wachezaji wayafikie. Mtu anayetenda kwa busara ya kawaida, asiyezijua kanuni hata kidogo, je, atafanikiwa kwa kadiri ile ile ambayo angefanikiwa duniani? Akipata hasara kwa kutenda yaliyo ya busara, au akipata faida kwa kutenda upuuzi, kanuni ni ya uongo hata kama kila tarakimu yake ilipimwa maabara.

Kwa kipimo hicho, si kila mchezo wenye kanuni nyingi utahukumiwa vibaya. RuneQuest, uliotolewa Marekani mwaka 1978, ulitungwa na Steve Perrin pamoja na wenzake, watu waliowahi kupigana kwa panga za mti na ngao katika chama cha kuigiza mambo ya zama za kati. Walijua kwamba mtu hapigwi kwa ujumla bali hupigwa mahali. Kwa hiyo anayeshambulia hurusha dadu, anayejikinga hurusha zake, kisha hutafutwa kiungo kilichopigwa, kisha madhara hurushwa na unene wa vazi la kinga kuondolewa. Mguu ukivunjika, mhusika huanguka hata kama ni shujaa mwenye sifa duniani kote. Matokeo yake ni kwamba wachezaji hujifunza kukimbia, kujadiliana, kutoa fidia, na kuchomoa upanga pale tu pasipo na njia nyingine. Huo ni uhalisia wa haki, na mirusho minne ni bei inayostahili kulipwa.

Bei hiyo, hata hivyo, ni ya kweli, na mtunzi asiyeihesabu hupotea. Wawepo wapiganaji 11 kwa pande zote mbili, na kila mrusho pamoja na hesabu yake uchukue sekunde 15 tu, jambo ambalo ni la wachezaji wepesi. Mirusho minne ni dakika 1 kwa kila mpiganaji, dakika 11 kwa zamu, na dakika 66 kwa zamu sita. Zamu ya RuneQuest ni sekunde 12. Kwa hiyo zaidi ya saa nzima imetumika kwa mapigano ya sekunde 72. Aongezwe sasa mtunzi mwenye bidii anayetaka mrusho wa tano, labda wa kujua damu inatoka kwa kadiri gani. Ameongeza dakika 16 na nusu kwa pigano moja. Swali analopaswa kujiuliza si kama damu hutoka kweli, hutoka. Ni kama kuna mchezaji hata mmoja atakayetenda tofauti kwa sababu ya mrusho ule. Mchezo wa Phoenix Command wa mwaka 1986 ulikata muda vipande vya nusu sekunde na kuzifuata risasi ndani ya mwili kwa majedwali marefu, na haukosi watu wanaouheshimu mpaka leo; lakini ni wengi zaidi waliousoma kuliko waliowahi kuucheza.

Kinyume chake ni Traveller, uliotolewa mwaka 1977 na kutungwa na Marc Miller. Kabla ya mchezo kuanza, mhusika hupitishwa katika maisha yake ya utumishi, miaka minne minne. Kila kipindi mchezaji hurusha dadu mbili kuona kama mhusika amenusurika. Akinusurika, huongeza ujuzi na pengine cheo. Asiponusurika, amekufa, na mchezaji huanza upya na mtu mwingine. Wengi waliona ajabu kwamba mhusika aweza kufa kabla hajaingia mchezoni. Lakini kwa dadu hizo chache mchezaji hulazimika kupima jambo ambalo kila askari, baharia na mchimba madini amewahi kulipima: aongeze kipindi kimoja apate zaidi, au aondoke akiwa mzima?

Dadu mbili zina faida nyingine ambayo mwalimu wa hesabu hatashindwa kuiona. Katika dadu moja yenye nyuso 20, kila idadi ina nafasi ya asilimia 5, na nyongeza ya 1 huleta asilimia 5 popote inapoongezwa. Katika jumla ya dadu mbili za nyuso sita mambo ni mengine. Anayehitaji 8 au zaidi ana njia 15 kati ya 36, yaani asilimia 42 hivi. Akipewa nyongeza ya 1 anahitaji 7, na njia huwa 21, asilimia 58. Lakini anayehitaji 11 ana njia 3 tu, na nyongeza ile ile humfikisha kwenye njia 6, kutoka asilimia 8 hadi 17. Msaada mdogo humfaa sana aliye katikati, ambaye hupata nyongeza ya asilimia 17 hivi, na humfaa nusu ya hapo yule anayejaribu lisilowezekana. Ndivyo ilivyo katika kazi nyingi za mikono. Umbo hilo la uwezekano halihitaji jedwali wala mrusho wa ziada. Limo ndani ya dadu zenyewe, na mtunzi aliyechagua dadu kwa akili ameingiza sehemu kubwa ya maumbile katika mchezo bila kumchosha mtu.

Je, basi kanuni zote zitupwe na mwamuzi aachiwe, kama alivyotaka Verdy? Wapo wanaolipendekeza hilo leo, na mezani kwa marafiki laweza kufaa. Ila kuna tukio linalopasa kukumbukwa. Mnamo Mei 1942 maofisa wa jeshi la majini la Japani walifanya mchezo wa vita ndani ya manowari Yamato, kuujaribu mpango wa kukishambulia kisiwa cha Midway. Kwa mujibu wa Fuchida Mitsuo na Okumiya Masatake, walioandika habari hizo baada ya vita, mwamuzi alirusha dadu na kukuta kwamba ndege za Wamarekani zimezipiga meli za Wajapani mabomu tisa, na meli mbili zinazobeba ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Admirali Ugaki Matome aliyesimamia mchezo akaamuru yahesabiwe matatu tu. Akagi ikaokoka. Kaga iliachwa izame, lakini katika sehemu iliyofuata ya mchezo ikaonekana tena ikielea. Tarehe 4 Juni Wamarekani waliziangamiza meli nne za namna hiyo, Akagi na Kaga zikiwamo. Wanahistoria wameonya kwamba dadu zile hazikutabiri lolote, na onyo lao ni la haki. Dadu hazina macho. Jambo lililo wazi ni kwamba swali halali liliulizwa na mchezo, na mwenye cheo akalifuta kabla halijajibiwa. Mwamuzi asiye na kanuni juu yake huishia kuona yale anayotaka kuyaona. Kwa hiyo pale penye hatari ya kweli, mhusika anapoweza kufa au mpango wote kuvunjika, idadi inayotakiwa itangazwe kabla ya dadu kurushwa, na dadu zirushwe mbele ya wote.

Watunzi wa siku hizi wameelekea huko polepole. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, nyongeza nyingi ndogondogo za matoleo yaliyotangulia zilifutwa; mwenye nafasi nzuri hurusha dadu mbili zenye nyuso 20 na kuchukua iliyo kubwa. Aliyekuwa na asilimia 50 sasa ana 75. Aliyekuwa na asilimia 5 ana 9.75. Ni umbo lile lile la dadu mbili za Traveller, limepatikana kwa mkono mmoja wa kurusha. Kuhusu anguko, toleo hilo lingali na dadu moja kwa kila futi 10, na kikomo kingali 20.

Wapo wanaosema kwamba ubishi wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa tarakilishi yaweza kufanya mirusho elfu moja kwa kupepesa jicho, na basi kanuni ziwe nzito zitakavyo. Ni kweli kwamba kazi ya kuhesabu imekwisha. Kilichotoweka pamoja nayo ni uwezo wa mchezaji kuiona kanuni. Mezani, kanuni ya tambi husomwa kwa sauti, na mtu yeyote aweza kuinua mkono na kuuliza kama Waitalia walipika hivyo kweli; ndani ya programu ingekaa miaka bila kuulizwa. Kanuni nyepesi ina faida hiyo isiyopatikana kwingine: wale wanaotawaliwa nayo wanaweza kuihukumu.

Kwa shule ya sekondari gharama ni ndogo, maana dadu huweza kuchongwa na karatasi zipo. Mwalimu wa fizikia au wa hesabu awape wanafunzi kazi ya kutunga kanuni moja tu, kwa mfano ya kuuvuka mto uliofurika: kina, kasi ya maji, kamba, uzito wa mizigo. Kundi moja liruhusiwe sentensi tatu, kundi jingine liruhusiwe ukurasa mzima. Kisha aitwe mwanafunzi ambaye hakushiriki katika kutunga, aliyekulia kando ya mto, avuke mara kumi kwa kila kanuni akitenda kama ambavyo angetenda kwao. Ihesabiwe kanuni ipi ilimzamisha, na kwa sababu gani.